Programu Ilisema Wamama Wote Wamelipa: Vile Python Husoma na Kupiga Hesabu Yako

Cheki hii laini kwanza, alafu ujiulize kama unaona shida:

if njia == "mpesa" or "keshi":

Kama umewahi kugusa Python hata wiki moja, macho yako yatapita hapo bila kupunguza mwendo. Inasomeka poa kabisa: kama njia ya malipo ni mpesa au keshi, hesabu huyo mtu kama amelipa. Hivyo ndivyo niliisoma mimi nikiiandika saa tano usiku kwa simu, na kile kiburi cha msee ameacha chuo juu ya karo lakini bado anajua kuandika kodi. (Nikisema kodi hapa si ile ya landlord. Hiyo ni stori ingine na pia inauma.)

Mathe ni mweka hazina wa chama cha wamama 14. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa soo tano, na mmoja wao anabeba zote, yaani 7,000. Nilimshawishi aache kitabu nimtengenezee programu. Jumamosi moja programu ikasema wote 14 wamelipa, mathe akatangaza mbele ya watu. Kujumlisha ile iko kwa simu na ile iko kwa pochi, ni 5,500. Wamama watatu hawakuwa wametoa kitu, lakini hakuna mtu aliwaangalia hao watatu. Wote waliangalia mathe.

Alafu mathe akaniangalia mimi.

Python haikuwa imelalamika hata kidogo. Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo, programu ilifika mwisho safi. Kwa hivyo hii stori ni ya vile intapreta, yaani ile programu inasoma programu yako, huchukua laini kama hiyo na kuigeuza kuwa jibu. Ukijua njia inapitia, hiyo laini ya juu itakuchoma macho kila ukiiona.

Kitu chenye kina jibu

Kuna neno moja lazima tulipange kwanza: ekspresheni. Ni kipande chochote cha kodi ambacho kina jibu. 14 pekee yake ni ekspresheni, jibu lake ni 14. 14 * 500 ni ekspresheni, jibu ni 7000. njia == "mpesa" pia ni ekspresheni, na jibu lake ni True ama False. Hata kuita funksheni, kama len("Nairobi"), ni ekspresheni na jibu ni 7 juu hilo neno liko na herufi saba. Lakini x = 5 si ekspresheni, hiyo ni amri. Unaambia Python ifanye kitu, huiulizi kitu.

Kazi ya intapreta ni kuchukua ekspresheni, hata kama ni ndefu kama foleni ya Huduma Centre, na kuipunguza hadi ibaki thamani moja tu.

Nitatumia Python juu ndo wengi wenu mnaanza nayo. Guido van Rossum, msee wa Uholanzi, alianza kuiandika likizo ya Krismasi ya 1989 na akaitoa 1991. Jina halikutoka kwa nyoka, lilitoka kwa Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Ile Python ya kawaida, ile watu wengi hudaunlodi, inaitwa CPython kwa sababu yenyewe imeandikwa kwa lugha ya C.

Watu wengi hudhani intapreta inasoma kodi vile wewe unasoma meseji, kutoka kushoto kwenda kulia ikipiga hesabu njiani. Ingekuwa hivyo, 2 + 3 * 4 ingeleta 20. Jaribu. Inaleta 14. Kuna kitu imefanya kabla ya kuanza hesabu.

Kwanza inakatakata

Kodi yako ikiingia, Python haioni hesabu. Inaona herufi tu, moja baada ya ingine, kama mtoto wa nasari. Kazi ya kwanza ni kuzipanga kuwa vipande vyenye vina maana, na hivyo vipande vinaitwa tokeni.

Chukua hii:

watu*mchango-gharama

Hapo kuna tokeni tano: watu, alama ya kuzidisha, mchango, alama ya kutoa, gharama. Nafasi za katikati hazijalishi. Ukiandika 2+3 * 4 ukidhani kubananisha 2 na 3 kutafanya zijumlishwe kwanza, umejidanganya, bado ni 14. Nafasi ambazo Python inajali ni zile za mwanzo wa laini.

Hapa kuna kanuni moja ndogo lakini ya maana: mkataji huchukua kipande kirefu zaidi anachoweza. Akiona alama mbili za sawasawa zimefuatana, hazikati kuwa mbili, anachukua == kama kitu kimoja. Ndo maana = na == ni wageni kabisa. Ya kwanza inapatia thamani jina, ya pili inauliza swali. Na kila kitu kiko ndani ya alama za nukuu ni kipande kimoja, hata ukiandika "2 + 3 * 4" ndani yake. Hiyo haitapigwa hesabu. Ni maandishi tu, kwa lugha ya kazi tunaita stringi.

Hii hatua haina drama nyingi. Drama iko kwa inayofuata.

Alafu inapanda mti

Baada ya kukata, intapreta inajenga mti. Mti wa kompyuta umepinduka, mizizi iko juu na majani chini. Ule wa watu * mchango - gharama unakaa hivi:

```
        -
       / \
      *   gharama
     / \
 watu   mchango
```

Usome ukianzia juu. Bosi ni alama ya kutoa. Lakini bosi hawezi kufanya kazi hadi watoto wake wote wawili walete majibu. Mtoto wa kulia ni gharama, huyo ako tayari. Mtoto wa kushoto ni alama ya kuzidisha, na yeye pia ana watoto wake wa kungoja. Kwa hivyo mwenye yuko juu kabisa ndo anafanya kazi mwisho kabisa. Shika hiyo, tutaihitaji tukirudi kwa mathe.

Sasa nani anaamua bosi ni nani? Angalia 2 + 3 * 4. Hiyo 3 ya katikati iko na wachumba wawili. Kushoto kuna alama ya kujumlisha, kulia kuna ya kuzidisha, na wote wanaitaka. Kila opereta, yaani kila alama ya kazi, iko na nguvu yake, na mwenye nguvu zaidi ndo anaondoka na 3. Kuzidisha kuna nguvu kuliko kujumlisha, kwa hivyo 3 inaenda na 4, wanazaa 12, na alama ya kujumlisha inabaki kuchukua hao wawili kama walivyo pamoja.

Mpangilio wa nguvu kwa Python, kutoka mbabe hadi mnyonge, uko hivi kwa zile utatumia sana: kipeo (**) ndo mbabe, alafu alama ya hasi mbele ya namba, alafu kuzidisha na kugawanya, alafu kujumlisha na kutoa, alafu kulinganisha (==, <, >, in na ndugu zao), alafu not, alafu and, na mwisho kabisa or. Yaani or ndo mnyonge kuliko hao wote. Na mnyonge kwa hii familia ndo hukaa juu ya mti.

Wakilingana nguvu je? Wa kushoto anashinda. 10 - 4 - 3 ni 3, juu 10 - 4 inafanyika kwanza. Kipeo pekee ndo kinaenda kinyume: 2 ** 3 ** 2 inaanzia kulia, inakuwa 2 ** 9, yaani 512. Na hii imewahi kuangusha watu wengi kwa mitihani: -2 ** 2 ni -4, haiwezi kuwa 4, kwa sababu kipeo kina nguvu kuliko ile hasi ya mbele. Kipeo kinachukua 2 kwanza, kinaleta 4, alafu hasi inakuja kuharibu sherehe.

Mabano ndo njia ya kulazimisha. (2 + 3) * 4 ni 20. Kitu cha kushangaza ni kwamba mti ukishajengwa mabano hayako tena. Kazi yake ilikuwa kuamua nani anakaa wapi, na akishakaa hayahitajiki. Kwa hivyo usiogope kuongeza mabano ndo kodi isomeke vizuri ukidhani utachelewesha kompyuta. Haiyaoni.

Kwa wale wanapenda historia: mwaka wa 1961 Edsger Dijkstra, Mholanzi mwingine (sijui ni nini huwa kwa maji ya huko), alieleza mbinu ya kupanga hesabu za aina hii akaipatia jina la uwanja wa reli, pale mabehewa husukumwa kwa laini ya pembeni, yangoje, alafu yaingizwe tena kwa mpangilio mpya. Namba zinapita moja kwa moja, opereta wanyonge wanangojeshwa pembeni. Python yenyewe inatumia mbinu tofauti, na tangu toleo la 3.9 la mwaka wa 2020 walibadilisha hicho kifaa cha kujenga mti kabisa, lakini majibu yalibaki yale yale.

Sahani za kibanda

Ungedhani sasa mti uko tayari, Python inaupanda na kupiga hesabu. Kuna lugha hufanya hivyo. CPython inaongeza hatua moja: inaunyoosha mti kuwa orodha ya maagizo mafupi mafupi, inayoitwa baitkodi. Umewahi ona folda imejiweka tu kwa kazi yako inaitwa __pycache__? Ndani yake ndo kuna baitkodi ya faili zenye uliingiza kwa programu yako, imewekwa ndo isirudie hiyo kazi kesho.

Maagizo hayo yanatumia kitu kinaitwa staki. Fikiria sahani kwa kibanda cha chapo madondo. Ukiosha moja unaiweka juu, ukitaka moja unatoa ya juu. Hakuna kuchomoa ya katikati. Tuseme watu ni 14, mchango ni 500 na gharama ni 200 (soda ya wageni, usiulize). Maagizo yanakuwa hivi, na kando nimeweka vile sahani zinabaki:

```
leta watu        14
leta mchango     14  500
zidisha          7000
leta gharama     7000  200
toa              6800
```

Ikifika "zidisha" inatoa sahani mbili za juu, inazizidisha, inarudisha moja. Ikifika "toa", vivyo hivyo. Mwisho inabaki sahani moja, na hiyo ndo jibu lako.

Cheki kitu: hakuna mabano hapo, na hakuna mtu anauliza nani ana nguvu kuliko nani. Hayo yote yaliisha kwa mti. Hii staili ya kuweka alama mwishoni ina babu yake Poland. Jan Łukasiewicz, mwanafalsafa wa huko, miaka ya 1920 alibuni namna ya kuandika fomula bila mabano kwa kuweka alama mbele ya vitu vyake. Wengine baadaye wakaipindua, alama ikawa nyuma. Kampuni ya HP ikatoa kalkuleta ya mfukoni ya HP-35 mwaka wa 1972 yenye ilifanya kazi hivyo: unaingiza namba, unaingiza ingine, alafu ndo unabonyeza kuzidisha. Haikuwa hata na kitufe cha sawasawa.

Kuna kitu kimoja wasee huchanganya hapa na ninataka tukielewane. Ukiandika:

a() + b() * c()

zenye a, b na c ni funksheni, nani anaitwa kwanza? Wengi watasema b, juu kuzidisha kuna nguvu. Zii. Anaitwa a kwanza, alafu b, alafu c. Python inatafuta thamani kutoka kushoto kwenda kulia kila wakati. Nguvu ya opereta inaamua nani anaunganishwa na nani, haiamui nani anatafutwa kwanza. Angalia staki utaona mbona: jibu la a linawekwa chini kabisa, linangoja, b na c wanakuja juu yake, wanazidishwa, alafu ndo a anajumlishwa. Kama funksheni zako zinachapisha kitu ama zinatoa pesa mahali, huo mpangilio ni muhimu.

Huyo Mwas ni yupi?

Agizo la "leta watu" linakaa rahisi lakini kuna kutafuta ndani. Python ikiona jina, lazima ijue thamani yake iko wapi. Ni kama uambiwe utafute Mwas. Unaanza kwa keja, kama kuna Mwas ndani, umemaliza. Hakuna, unaangalia ploti. Hakuna, unaangalia mtaa. Ukikosa huko unauliza Nairobi nzima, na kama hata Nairobi haimjui, unarudi ukiwa umekasirika.

Kwa Python keja ni ile funksheni uko ndani yake, ploti ni funksheni yenye imeizunguka kama iko, mtaa ni faili nzima, na Nairobi ni yale majina Python huja nayo kama print na len. Ikikosa yote inakurushia NameError. Mwas wa kwanza kupatikana ndo huyo, hata kama kuna mwingine maarufu nje. Ndo maana msee akitumia len kama jina la kitu chake, ghafla len("Nairobi") inakataa kufanya kazi. Amefunika ile ya mji na ya keja yake.

Soo tano mara kumi na nne

Opereta ikishapata sahani zake mbili bado inauliza swali moja: nyinyi ni kina nani? Kwa sababu alama moja hufanya kazi tofauti kulingana na wenye wameletwa. Namba mbili na + zinajumlishwa. Stringi mbili na + zinaunganishwa, "Ruai" + "ka" inakuwa "Ruaika". Namba na stringi, Python inakataa na kukupa TypeError.

Lakini kuzidisha stringi kwa namba inakubali, na hapo ndo mtego uko. "5" * 3 haileti 15. Inaleta "555". Sasa kumbuka input(), ile funksheni inauliza mtumiaji aandike kitu, inarudisha stringi kila wakati hata mtu akiandika namba. Toleo la kwanza kabisa la programu ya mathe nilisahau kuandika int(input()), na mchango wa 500 mara 14 ukatoka mkia wa 500500500500 hadi ukajaza skrini. Mathe aliangalia akaniuliza hizo ni pesa za nchi gani.

Angalau huo ujinga unaonekana. JavaScript iko na roho ingine. Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 mwezi wa Mei 1995, na inajaribu kusaidia hata penye haijaombwa: "5" + 3 inaleta "53", lakini "5" - 3 inaleta 2. Haikatai, inakisia tu. Mimi ninapenda Python vile hukataa.

Sasa turudi kwa wamama

njia == "mpesa" or "keshi"

Tupande mti. Kuna opereta wawili, == na or. Nani mnyonge? or. Kwa hivyo or anakaa juu, na == inabaki chini ikishika wa karibu nayo:

```
          or
         /  \
       ==    "keshi"
      /  \
  njia    "mpesa"
```

Umeona? "keshi" haiko karibu na njia hata kidogo. Kichwani mwangu nilikuwa nauliza "njia ni mpesa ama keshi". Python ikasoma "je, njia ni mpesa? Kama si hivyo, basi nipe keshi". Neno "keshi" limesimama pekee yake upande wa kulia kama ekspresheni kamili, na jibu lake ni yenyewe.

Na or hufanya nini? Haifanyi vile wengi hudhani. Inaangalia upande wa kushoto. Ukiwa ni kweli, inarudisha huo wa kushoto na haigusi wa kulia kabisa, hata haupigi hesabu. Ukiwa si kweli, inarudisha wa kulia vile ulivyo. Kwa hivyo mama akiwa amelipa kwa mpesa, jibu ni True. Mama mwenye njia yake ni "bado", kushoto kunakuwa False, na or inarudisha "keshi".

Alafu if inapokea "keshi" na kujiuliza kama hiyo ni kweli ama uongo. Python iko na sheria hapa: sufuri ni uongo, stringi tupu ni uongo, orodha tupu ni uongo, None ni uongo, na karibu kila kitu kingine ni kweli. "keshi" iko na herufi tano ndani. Ni kweli. Kila mama, amelipa asilipe, anahesabiwa. 14 kati ya 14, kila wiki. Zile wiki za nyuma zilikuwa sawa kwa sababu wote walikuwa wamelipa kweli, si kwa sababu nilikuwa nimeandika vizuri.

Ningeandika hivi:

if njia == "mpesa" or njia == "keshi":

ama hivi, yenye ni fupi:

if njia in ("mpesa", "keshi"):

Hiyo tabia ya or ya kuruka upande wa kulia ikishapata jibu si ubaya, watu huitumia kila siku. jina or "mgeni" inakupa jina kama lipo, na "mgeni" kama liko tupu. Upande wa and ni kinyume: kushoto kukiwa uongo inaishia hapo. Ndo maana unaweza andika watu > 0 and jumla / watu > 100 bila kuogopa kugawanya kwa sufuri. Kama watu ni 0, ile hesabu ya kulia haifanyiki kabisa. Ukizipindua hizo pande mbili, programu inalipuka.

Kama ni pesa unashika

Haraka haraka, vitu viwili venye vimewahi kunigharimu. Kugawanya kwa / kila wakati kunaleta namba ya nukta, 14 / 2 ni 7.0. Kwa // inashuka hadi namba nzima ya chini: 7 // 2 ni 3, lakini -7 // 2 ni -4, kwa sababu "chini" ya -3.5 ni -4. Ukigawa deni kati ya watu utakutana nayo.

Ya pili: andika 0.1 + 0.2. Utapata 0.30000000000000004. Kompyuta inahifadhi nukta kwa mfumo wa mbili, na 0.1 haiingii kamili kwa huo mfumo, vile thuluthi haiingii kamili kwa wetu wa kumi. Kwa pesa, weka kila kitu kwa senti kama namba nzima, ama utumie moduli ya decimal yenye huja na Python.

Na usiwahi, tafadhali, kuchukua kitu mtu ameandika na kukiingiza kwa eval(). Hiyo funksheni inachukua stringi na kuipitisha njia hii yote tumeongea, kukata, mti, baitkodi, jibu. Inakaa tamu kwa kutengeneza kalkuleta ya laini moja. Lakini haijui tofauti ya 2 + 2 na amri ya kufuta faili zako. Chochote mtu ataandika, itafanya, ikitumia nguvu zako.

Jionee mwenyewe

Hauhitaji laptop. Weka Pydroid 3 ama Termux kwa simu ya Android, alafu andika hii:

```
import ast
print(ast.dump(ast.parse('njia == "mpesa" or "keshi"', mode="eval"), indent=2))
```

Itakuchorea mti wenyewe kwa maandishi, na utaona neno Or limekaa juu na "keshi" limeachwa peke yake upande. Ukitaka baitkodi, ni import dis, alafu dis.dis("watu * mchango - gharama"). Usishtuke na majina ya maagizo, hubadilika toleo kwa toleo. Tafuta tu penye inaleta na penye inafanya kazi, uzilinganishe na zile sahani. Ukijaribu na 2 + 3 * 4 utashangaa kuona hakuna kuzidisha popote. Python imeona zote ni namba ambazo hazibadiliki, ikapiga hesabu mapema na kuweka 14 tayari.

Mimi niliifanya hiyo Jumamosi jioni, nimekaa kwa ngazi za ploti, mathe akiwa ndani hajaongea na mimi tangu watu watoke. Nilienda nikamwonyesha ule mti kwa simu. Hakuelewa Or ni nini, na sikumlaumu, lakini aliona "keshi" imekaa kando peke yake na akauliza, "Kwani hii haikuwa inauliza mtu?" Nikamwambia eeh, haikuwa inauliza mtu.

Wiki iliyofuata alinipeleka kwa mkutano nikawaeleza wamama wenyewe, nikasoma majina ya watatu kutoka kwa kitabu chake, na pesa ikaletwa. Programu bado tunaitumia. Kitabu pia kiko, na kinasomwa kwanza.